Rupia Haikamuliwi

Sarafu ya shilingi mia mbili ikianguka kwenye vigae hailii. Inakohoa mara moja, inabingirika chini ya kochi, na hakuna anayejisumbua kuifuata. Juzi iliniponyoka moja sebuleni kwangu Kiseke, na mpwa wangu akaitazama inavyokwenda kama mtu anayemtazama mende asiyestahili hata kukanyagwa. "Iache, mama mkubwa," aliniambia, macho yake yakiwa yamesharudi kwenye simu. "Hiyo nayo ni pesa?"

Mimi nimesoma uchumi mpaka shahada ya pili, kwa hiyo siachi pesa chini. Nilipiga magoti, jambo ambalo kwa umri wangu huhitaji maandalizi, nikalaza shavu karibu na sakafu. Pale chini ndipo nilipoisikia sauti nyingine kabisa, ya miaka mingi nyuma: ngriiii, ndefu na nyembamba, kama nyuki wa chuma anayezunguka chumba kabla ya kutua. Ilikuwa sauti ya rupia ya Bibi ikidondoka kwenye saruji ya nyumba yetu ya Buswelu, enzi zile Buswelu ikiwa ni mashamba na mawe, na fisi wakijiona wenyeji kuliko sisi.

Bibi alikuwa na rupia saba za Mjerumani. Aliziita lupia, na mimi niliyekuwa darasa la nne nilijipa kazi ya kumsahihisha, kazi ambayo haikuwa na mshahara ila makofi mawili matatu. Zilikuwa za fedha, nzito kuliko zilivyoonekana, na alizihifadhi katika kopo la ugoro, kwa hiyo hukuweza kuzitazama kwa karibu bila kupiga chafya. Upande mmoja palikuwa na kichwa cha mfalme wa Wajerumani mwenye masharubu yaliyopinda juu kama pembe. Juu ya kofia yake ya chuma alisimama tai. Lakini rupia zile zilikuwa zimechakaa, na kwa macho yetu sisi watoto yule tai alikuwa kuku. Tulimwita mfalme "Mzee wa Kuku" na tulimhurumia, maana tulidhani amekwenda kupigwa picha na kuku akagoma kushuka. Moja kati ya zile saba ilikuwa imelika kabisa: hapakuwa na mzee wala kuku, ila uso mtupu, laini kama kokoto za ufukweni.

Habari yenyewe inaanzia kwa Mjomba Masalu, mdogo wake mama, aliyekuwa fundi redio. Mjomba alikuwa amempenda Sofia, mshonaji wa sare za shule kule Busisi, ng'ambo ya maji, na alivuka kwenda kumwona mara nyingi kiasi kwamba makarani wa kivuko cha Kigongo walidhani ni mwenzao. Mimi nami nilimpenda Sofia, kwa sababu alikuwa ameniahidi gauni lenye marinda ya ngazi tatu siku ya harusi. Nayataja marinda mapema ili ujue kwamba katika kesi hii sikuwa shahidi asiye na upande.

Tatizo lilikuwa baba yake, Mzee Lugata. Alitaka ng'ombe kumi na wawili. Bibi alikuwa nao watano. Wengine walikuwa wamekufa kwa ugonjwa mwaka aliofariki Babu. Mjomba akawa hali vizuri. Alikaa kibandani kwake akitengeneza redio ambazo hazikuharibika. Sofia alileta salamu kwamba kuna mfanyabiashara wa dagaa wa Sengerema amekuja kwao mara mbili kuulizia afya ya mzee, na kwamba afya ya mzee ni nzuri, na kila mtu anajua maana yake. Ikiwa ng'ombe hawatapatikana kabla ya mavuno, Sofia ataolewa na dagaa.

Hapo ndipo Bibi alipotoa kopo la ugoro.

"Zamani za mama yangu," alisema, "lupia moja ilikuwa ng'ombe mmoja. Ng'ombe watano wako zizini, saba wako kwenye kopo. Waje wahesabu."

Wazee wa Busisi wakaja, watatu, Mzee Lugata mbele yao na fimbo yake na kofia ya pama. Alikuwa mrefu kiasi cha kulazimika kuinama kila alipoingia mahali, akawa na mazoea ya kuinama hata nje. Kwa upande wetu msemaji alipaswa kuwa mdogo wake Babu, lakini babu yule alikuwa kiziwi. Bibi aliketi kando yake ili kumsaidia kusikia, na haikuchukua muda akawa anamsaidia kuzungumza pia.

Wazee walikuwa wamekuja kukagua ng'ombe na hawakujua kukagua kitu kingine. Walipomaliza zizini waliketi, Bibi akazimwaga zile rupia kwenye ungo, nao wakazikagua hivyohivyo. Nilikuwa nimepewa kazi ya kushika ungo, kwa hiyo niliona kila kitu. Mzee Lugata alichukua ya kwanza, akaigeuza, akaitazama nyuma.

"Huyu amekonda," alisema.

"Amekonda wapi?" Bibi aliuliza.

"Mbavu zinaonekana. Tazama." Kweli, palikuwa na mistari mistari, masalio ya majani ya mtende yaliyozunguka maandishi. Akampa mzee wa pili.

"Huyu pembe moja imevunjika," alisema mzee wa pili, akimaanisha sharubu.

Walizipitia zote. Huyu ana jeraha shingoni. Huyu kwato zimeliwa. Walipofika kwenye ile iliyolika uso, walipeana kimya kimya, kila mmoja akiipitishia kidole gumba, kama watu wanaoaga maiti.

"Mama Masalu," Mzee Lugata alisema mwishowe, kwa upole wa mtu anayetaka kusikika na majirani. "Mimi ng'ombe namtambua kwa nundu. Hawa wako nundu iko wapi?"

"Nundu ni ya ng'ombe, baba Sofia. Hii ni fedha."

"Basi tumekubaliana si ng'ombe." Wenzake wakacheka. "Lupia haikamuliwi, mama Masalu."

"Wala haiugui," Bibi alimjibu. "Ng'ombe zangu zimekufa kumi na moja, lupia zangu hazijawahi hata kukohoa."

"Haizai."

"Haili shamba la jirani ukaitwa barazani."

"Mwanangu atoke nyumbani kwangu kwa sarafu? Watu watasema nimemuuza dukani!"

"Kwani kwa ng'ombe watasema umemuuza mnadani?"

Babu kiziwi aliyeona midomo inakwenda mbio aligonga fimbo chini, akasema kwa sauti kubwa, "Tunashukuru sana! Tumekubali!" Ilichukua muda kumweleza kwamba hakuna lililokubaliwa.

Ndipo yule mzee wa tatu, aliyekuwa hajasema kitu, akaleta elimu. Alisema rupia ya kweli ya Mjerumani huvuta mchele. Ukiiweka karibu na punje, punje zinasogea zenyewe. Huko Geita, alisema, kuna mtu alipata rupia iliyosimamisha saa ya mkononi. Bibi, ambaye hakuwahi kusikia habari hizo lakini hakuwa mtu wa kukimbia mtihani, akanituma mchele. Tukaupanga kwenye ungo kuzunguka rupia saba, tukainama, vichwa sita. Mchele haukusogea. Mzee wa tatu akasema tusipumue. Hatukupumua. Naapa niliiona punje moja ikitaka, lakini kabla haijaamua jogoo wa Bibi alipita katikati ya miguu yetu na kula ushahidi wote.

"Feki," alitamka mzee wa tatu.

Nilitazama uso wa Mjomba aliyekuwa amesimama mlangoni, nikaona marinda yangu yakipungua ngazi moja.

Bibi aliinuka. Alikuwa mfupi, na Mzee Lugata hata akiwa ameketi alilingana naye. "Baba Sofia," alisema, "umesema nyembamba, nimenyamaza. Umesema kilema, nimenyamaza. Feki, hapana. Jumamosi twende mjini kwa sonara. Akisema feki, binti yako ni wa dagaa. Akisema ya kweli, atataja bei yake kwa ng'ombe, utaipokea, na tutamaliza."

Mzee Lugata alikubali. Angekataaje, mbele ya wenzake, baada ya kusema yote yale?

Duka la sonara lilikuwa katika mtaa mmoja nyuma ya soko kuu, jembamba na lenye giza, lenye harufu ya ubani na makaa. Sonara mwenyewe tulimwita Bwana Kanji. Baba yake alikuwa sonara palepale na babu yake pia, na alizungumza Kisukuma cha sokoni vizuri kuliko mama yangu. Tuliingia watatu: Bibi na kopo lake, Mzee Lugata aliyevua pama na kuinama, na mimi, niliyechukuliwa kwa sababu nilijua hesabu.

Bwana Kanji hakuuliza mchele. Alichukua rupia ya kwanza akaidondosha juu ya kipande cha jiwe jeusi. Ngriiii. Akafunga macho kama anayesikiliza ibada. Akadondosha ya pili, mpaka ya saba. Hata ile iliyolika uso iliimba, tena kwa sauti ya juu zaidi, kama bibi kizee wa kwaya ya kanisani.

"Fedha safi," alisema. "Zote za kweli."

Bibi alimtazama Mzee Lugata. Alipiga chafya, tena kwa ushindi.

Kisha Bwana Kanji akaweka kioo jichoni, akazitazama moja moja, akatikisa kichwa. "Lakini mama, hizi zimetembea sana."

Nilihisi hewa ya duka ikibadilika. Kwa Bwana Kanji, maana yake ilikuwa kwamba sarafu zimepita mikononi mwa watu wengi zikachakaa. Kwa Bibi, mwanamke mjane wa kanisani, kilichotembea sana kilikuwa na maana moja tu.

"Nani ametembea?" aliuliza.

"Hizi, mama. Hasa hii. Hii imetembea na kila mtu."

Mzee Lugata alikohoa kwenye pama yake. Mabega yalikuwa yanamtikisika.

"Sikiliza, mwanangu," Bibi alisema, akiegemeza viwiko kwenye meza ya kioo. "Kitu hicho amenipa mama yangu, naye alipewa na baba yake. Hakijalala nje hata siku moja. Hakijatembea na mtu!"

"Basi nani amemla huyu mzee uso wake?" Bwana Kanji aliuliza, kwa udadisi wa kweli, akiinyanyua ile rupia laini.

Bibi aliinyooshea kidole. "Watoto," alisema. "Mtoto akianguka akapata nundu kichwani, ndiyo ninayomkandia. Inakuwa baridi, ukikanda vizuri nundu inalala. Watoto wangu wote, wajukuu wote, na wa majirani wakiletwa. Mama yangu naye alifanya hivyo. Huyu hapa peke yake," akanionyesha kwa kidevu, "amemaliza pua ya mfalme."

Kweli tupu. Nilikuwa mtoto wa kupanda mawe, na Buswelu haikuwa na upungufu wa mawe. Ubaridi ule kwenye paji la uso, na harufu ya ugoro juu ya machozi, ninavikumbuka kuliko sura za walimu wangu.

Bwana Kanji alieleza kwa adabu. Rupia ambayo haijatembea, Mzungu huinunua kwa bei ya ajabu kwa ajili ya kuiweka ndani ya kioo. Iliyotembea hununuliwa kwa uzito. Akazipima kwenye mizani yake ndogo, akataja shilingi.

"Usitutajie shilingi," alisema Mzee Lugata. "Tutajie ng'ombe."

"Mzee wangu, mimi sili nyama tangu nizaliwe. Bei ya ng'ombe sijui."

Wote wakanigeukia. Nilijua bei za mnada kwa sababu nyumbani hapakuzungumzwa kitu kingine. Niligawa kwa kidole juu ya vumbi la kioo, nikarudia, nikaomba Mungu. Hesabu haikubadilika.

"Mbuzi mmoja," nilisema. "Na miguu ya mbele ya mwingine."

Hakuna aliyecheka. Bibi alianza kurudisha rupia kwenye kopo, moja moja, taratibu, na kwa mara ya kwanza niliona mikono yake ikiwa ya mtu mzee. Ng'ombe saba walikuwa wamegeuka mbuzi. Mzee Lugata alisimama akizungusha pama mikononi. Ungedhani aliyeshinda angefurahi. Alitazama sakafu, akamtazama Bibi, akatazama mlango. Kisha akasema, "Haya, twendeni," akatangulia kutoka.

Saa ya chakula ilikuwa imefika na mlango wa bati ulikuwa umeshushwa nusu. Nikasikia NDAA! iliyofanya mbwa wa mtaa mzima wabweke. Tulipotoka tulimkuta Mzee Lugata amechuchumaa kwenye ngazi, fimbo imelala kando, viganja viwili kwenye paji la uso, akilia "Yelele mama wee!" kama mtoto wa chekechea.

Watu walianza kukusanyika. Bibi hakusita. Alifungua kopo, akaitoa ile rupia isiyo na uso, akaifuta kwenye khanga, akamwondoa mzee viganja kichwani na kumshika kisogo kwa mkono mmoja, kama alivyotushika sisi.

"Tulia," alisema. "Nundu uliyokuwa unaitafuta kwenye lupia zangu, si umeipata?"

"Aii, mama Masalu! Polepole!"

"Nimekwambia tulia. Mtu mzima hovyo."

Akakanda. Mzee Lugata alifumba macho. Lazima ujue kwamba kwetu wazazi wa binti na wazazi wa kijana huheshimiana kwa umbali. Hawashikani vichwa, tena mtaani, tena kabla ya mahari. Mama mmoja muuza ndizi alisema kwa sauti, "Jamani, huyu mzee ni mume wake?"

Mzee Lugata akafumbua jicho moja. "Mke ninaye," alimjibu yule mama. Akafikiri kidogo, kisogo chake bado mkononi mwa Bibi. "Mwanamke akikushika kichwa mbele za watu, ama ni mkeo, ama ni ndugu yako. Mke nimesema ninaye." Akapumua. "Sasa, mama Masalu, ndugu na ndugu wanadaiana ng'ombe kwa sonara?"

"Mimi sijui," Bibi alisema bila kuacha kukanda. "Wewe ndiye mwenye binti."

"Nitachukua watano wa zizini na saba wa kwenye kopo. Ni kumi na wawili. Nani atasema si kumi na wawili?"

"Hata mimi nimehesabu hivyo."

"Ila huyu mzee kabisa asiye na meno," akaigusa rupia iliyokuwa kwenye paji lake, "sina wa kumchunga. Nakuachia unichungie."

Na kwetu, mtu humwachia ng'ombe wake yule tu anayemwamini. Bibi aliirudisha ile rupia kwenye kopo, zile sita akazifunga kwenye pembe ya leso ya Mzee Lugata. Mimi nilimwokotea fimbo na pama. Alipoinama kuvipokea niliona paji lake kwa karibu sana. Lilikuwa laini. Hapakuwa na nundu, wala mchubuko, wala wekundu. Rupia ilikuwa imeilaza nundu nzima kwa dakika chache!

Harusi ilifanyika baada ya mavuno. Marinda yalikuwa ngazi tatu. Na mimi nikawa mtangazaji wa dawa ile: shuleni, sekondari, mpaka bweni la chuo kikuu, ambako nilimkanda kwa sarafu mwenzangu aliyegonga kabati na akavimba wiki nzima. Nilimwambia sarafu yake haikuwa ya fedha. Nilisomea thamani kwa miaka mingi, nikaandika kurasa nyingi kuhusu bei na soko, na katika kurasa zote hizo sikuwahi kujiuliza lile paji la uso lilikuwa laini kwa nini.

Nimekuja kujiuliza mwaka jana tu. Ukoo ulinichagua kuongoza mazungumzo ya mahari ya mpwa wangu mkubwa wa kike, kwa sababu mimi ni msomi. Tuliketi sebuleni, wageni wametoka Magu, nami nikataja kiasi kwa sauti ya mtaalamu na sababu zake. Wageni wakainamisha vichwa. Kijana alikuwa na uso wa Mjomba Masalu. Binti alikuwa ananitazama kutoka mlango wa jikoni, macho yamejaa maji. Nikatambua kwamba nimetaja kiasi kikubwa mno, kwamba kila mtu anajua, na kwamba nimekitaja mbele ya watu kiasi cha kutoweza kurudi nyuma bila kuonekana sina akili.

Ndipo nilipomwona tena Mzee Lugata akizungusha pama yake na kutazama mlango. Mtu aliyekuwa ameinama milangoni maisha yake yote, hata mahali pasipo na mlango. Bati hulia likipigwa na chochote, hata na fimbo. Na Bibi, aliyekuwa amekanda nundu za vizazi, vidole vyake vingeshindwa vipi kujua kwamba chini ya ile rupia hapana kitu? Alijua. Akakanda tu, akamgombeza, akamwambia atulie.

Nami nikiwa pale kwenye kiti changu cha msemaji, na wageni wakisubiri, nikajikuta nainua macho taratibu, napima kwa jicho kimo cha mlango wangu wa mbele. Shida ya nyumba za siku hizi ni kwamba milango yake ni mirefu mno.